Makaruni Mazuri Mjini: Usiulize Yameokwa Lini

Kwa muda mrefu nilikuwa naingia kwenye maduka ya keki na swali moja mdomoni: "Yameokwa leo?" Nikiambiwa ndiyo, natoa pesa. Nilidhani makaruni, vile vitamutamu vidogo vya lozi au nazi, ni kama mkate, utamu wake unahesabiwa kwa saa tangu utoke kwenye oveni. Mpaka siku nilipopata kweli yaliyookwa asubuhi ile ile. Niliuma kipande cha kwanza, ngozi ikapasuka kama ganda la yai, na krimu ikachomokea upande wa pili hadi kwenye shati. Nikarudi kulalamika. Muuzaji hakuwa na la kusema. Mwokaji ndiye aliyetoka jikoni akaniuliza kwani nani aliniambia nitake ya leo. "Ya jana ndiyo matamu," akasema, "ila wateja hawataki kulisikia hilo neno jana."

Yote yatakayofuata hapa yametoka kwenye jibu lile, pamoja na pesa nyingi nilizopoteza baada yake.

Hatua ya 1: Jua unatafuta makaruni gani

Hapa ndipo watu wengi hupotea kabla hata hawajatoka nyumbani, kwa sababu jina moja limebeba vitu vitatu.

Cha kwanza ni yale ya rangi, yenye vifuniko viwili vya duara vilivyobana krimu katikati. Vifuniko hutengenezwa kwa unga wa lozi, ute wa yai na sukari, basi. Haya ndiyo yaliyojaa kwenye picha za mitandaoni, na mtindo wa kuyabana mawili mawili ulishika jijini Paris karne ya 20. Jina la Pierre Desfontaines wa Ladurée, duka la keki la huko huko Paris, ndilo hutajwa sana linapozungumziwa suala hilo.

Cha pili ni makaruni ya nazi: kichuguu kidogo cha nazi iliyokunwa, ute wa yai na sukari, kahawia kwenye ncha, laini ndani. Hakina kifuniko wala krimu, ingawa wengine hukichovya kitako kwenye chokoleti.

Cha tatu ni makaruni ya kale ya lozi, bapa, yenye nyufa usoni, yasiyojazwa kitu. Mji wa Nancy huko Ufaransa unajulikana kwa aina hii. Watawa wawili wa huko waliyaoka na kuyauza baada ya nyumba za watawa kufungwa wakati wa Mapinduzi, mwaka 1792, wakaishia kuitwa Masista wa Makaruni. Ukikutana nayo usiyadharau kwa nyufa zake. Nyufa ndiyo sura yake.

Kuhusu maandishi ya dukani, ya rangi kwa kawaida huandikwa "macaron" kwa o moja, na ya nazi "macaroon" kwa o mbili. Wauzaji wengi huchanganya, hivyo usimwamini kibao, angalia kitu chenyewe. Na usiandike "makaroni" unapotafuta kwenye simu, utaletewa tambi. Majina hayo ni ndugu kweli, yote yametoka Italia, ila ndugu hawa hawakai sahani moja.

Hatua ya 2: Anza kuchuja ukiwa nyumbani

Fungua ramani kwenye simu, andika jina la aina unayotaka kwa tahajia zote mbili, kisha achana na picha zilizowekwa na duka. Hizo zilipigwa siku moja, chini ya taa nzuri, pengine miaka mitatu iliyopita. Nenda kwenye picha za wateja, za miezi ya karibuni. Unatafuta picha moja tu yenye thamani: kipande kilichoumwa au kukatwa, kinachoonyesha ndani. Ukikuta kifuniko kimeinuka kama paa na chini yake kuna uwazi mtupu, umeshajua jiko hilo lina shida. Wateja hupiga picha kama hizo bila kujua wamekusaidia.

Kwenye maoni, ruka wanaosema "matamu sana" na wanaosema "ghali sana". Sentensi zote mbili hazikuambii kitu. Tafuta maneno ya hisia za mdomoni: yalikuwa makavu, yalinata kwenye meno, yalikuwa laini katikati, sukari imezidi, hayana ladha tofauti. Watu watatu wakisema kwa nyakati tofauti kwamba ladha zote zilifanana, waamini.

Mjini utakuta wauzaji wa namna tatu au nne. Kuna duka la mwokaji wa vitamutamu anayeoka humo humo. Kuna mkahawa au supamaketi inayoletewa makaruni yakiwa yameganda, inayeyusha na kupanga. Kuna hoteli kubwa zenye jiko lao la keki, ambazo huuza hata kwa asiyelala hapo, jambo ambalo wengi hawalijui. Na kuna waokaji wa nyumbani wanaopokea oda.

Mimi huwapa wa nyumbani nafasi kabla ya wote, kwa sababu ndogo tu: mtu anayeoka kwa oda anajua siku utakayokula, kwa hiyo anaweza kuhesabu kurudi nyuma. Mwenye duka anabahatisha. Shida ya wa nyumbani ni kwamba ladha zake huwa chache na huwezi kuingia ghafla ukanunua vipande viwili.

Nisieleweke vibaya kuhusu yaliyoganda. Makaruni ya lozi huvumilia friza kuliko karibu kitamutamu kingine chochote, na hata waokaji wazuri hugandisha ili wasilale jikoni kila siku. Kinachoyaua ni kuyeyushwa, kukaa kwenye kabati la kioo la dukani siku nyingi, au kurudishwa friza mara ya pili.

Hatua ya 3: Uliza yamejazwa lini

Hili ndilo swali. Siyo yameokwa lini.

Vifuniko vikitoka kwenye oveni huwa vikavu, tena vingine vigumu kiasi. Mwokaji akishavijaza, huyaweka makaruni kwenye friji ndani ya chombo kilichofunikwa, kwa kawaida saa 24, mara nyingine hadi 48. Ndani ya muda huo unyevu wa krimu hupanda taratibu kwenye lozi. Ngozi ya nje inabaki nyembamba na kavu, ndani panakuwa laini, panavutika kidogo, na ladha ya krimu inaingia mpaka kwenye kifuniko. Yakiliwa kabla ya hapo, unakula biskuti mbili na krimu, kila kimoja kivyake.

Kwa hiyo muuzaji akisema "tulijaza jana" au "juzi jioni", nunua. Akisema "leo asubuhi", nunua ukayaweke kwenye friji yako mpaka kesho. Akisema hajui, muulize kama yanaokwa hapo. Akisema hajui hilo nalo, kunywa kahawa yako uende.

Muda wa mwisho unategemea kilichojazwa, kwa hiyo swali la pili ni hilo: ndani kuna nini?

Ganashi, yaani chokoleti iliyoyeyushwa na krimu ya maziwa, na krimu ya siagi hukaa vizuri siku nne au tano kwenye friji bila kuharibu kifuniko. Jemu nzito nayo hivyo hivyo. Krimu ya limau na kila kinachotokana na tunda bichi kina maji mengi, na siku ya tatu kifuniko kimeanza kuwa kama sifongo. Krimu nyepesi ya maziwa iliyopigwa haifiki hata huko. Ukikuta ladha ya limau na ya chokoleti zimepangwa pamoja, na umeambiwa zote zilijazwa siku nne zilizopita, chukua chokoleti.

Uliza pia wanajaza siku gani za wiki. Majiko mengi madogo yana ratiba: wanaoka mwanzoni mwa wiki, wanajaza katikati, ili kioo kiwe kimejaa wikendi. Ukishaijua ratiba hiyo, umemaliza nusu ya kazi kwa mwaka mzima. Jumatatu asubuhi mara nyingi kilichobaki ni cha Jumamosi.

Kama wewe au unayemnunulia ana mzio, hapa ndipo pa kusema. Makaruni ya rangi yana lozi na mayai karibu yote, na krimu yake huwa na maziwa. Hayana unga wa ngano kwa asili yake, ndiyo maana wasiokula ngano huyapenda, lakini yanaokwa kwenye jiko ambalo pengine linaoka na keki. Uliza kuhusu jiko zima, usiishie kwenye kitamutamu.

Hatua ya 4: Tazama kabla ya kunyoosha kidole

Inama. Usione aibu, inama hadi macho yako yawe usawa na trei, kwa sababu mambo yote yako ubavuni.

Chini ya kila kifuniko kuna ukanda wenye vishimoshimo, kama marinda ya sketi. Waokaji huuita miguu. Unatokea hivi: mwokaji akishamwaga rojo kwenye trei huliacha lipigwe na hewa, nusu saa au zaidi, mpaka juu pashike ngozi. Ndani ya oveni mvuke hauwezi kupita juu, unatokea chini, na kuinua kifuniko. Miguu iliyosimama wima, mifupi, inayozunguka sawasawa, ni alama ya mkono uliozoea. Ikitambaa nje kama imekanyagwa, rojo lilikorogwa kupita kiasi au moto ulikuwa mkali. Ikiwa upande mmoja ipo na mwingine haipo, yawezekana oveni haigawi joto sawa, na ndani napo utakuta mambo hayo hayo.

Usoni pawe laini, pasing'ae kama plastiki. Ncha iliyobaki juu kama chuchu maana yake rojo lilikorogwa kidogo mno. Ufa usoni, kwa aina hii ya kujazwa, mara nyingi ni ngozi ambayo haikukauka. Siku za mvua huwapata hata walio hodari, kwa hiyo ufa mmoja kwenye trei nzima naufumbia macho. Madoadoa yanayoonekana kama tone la mafuta kwenye karatasi yanatokana na mafuta ya lozi au ya krimu kujipenyeza. Na ukiona ngozi inameta maji maji au imenata kwenye jirani yake, hayo yametolewa kwenye baridi yakatokwa jasho.

Rangi. Hapa nina ubaguzi wangu na sitaficha: buluu kali inanitia wasiwasi. Rangi haibadilishi ladha, na kifuniko cha lozi peke yake kina rangi ya mchanga, kwa hiyo karibu kila rangi unayoiona imetiwa. Lakini duka linalotumia nguvu zote kwenye rangi mara nyingi lina ladha mbili tu ndani ya rangi kumi. Kahawia kwenye kingo za kifuniko kilichokusudiwa kuwa cheupe ni kuungua, wala si mtindo.

Krimu nayo iangalie: ifike ukingoni, unene wake ukaribie unene wa kifuniko kimoja. Ikionekana kitone tu katikati, umeuziwa vifuniko.

Mwisho, tazama mahali pake. Kioo chenye baridi ya wastani ni sawa. Dirishani penye jua hapana, rangi hupauka na siagi hulegea. Kwenye friji moja na jibini au samaki wa kukaushwa kwa moshi hapana kabisa, kwa sababu siagi hubeba harufu ya jirani.

Hatua ya 5: Nunua matatu, ukate kimoja

Usinunue boksi la dazeni mara ya kwanza, hata kama utepe wake unapendeza. Nunua vanila, pistachio na kimoja cha tunda. Tatu hizi zinamwanika mwokaji.

Pistachio kwanza, kwa sababu ndiyo njia fupi ya kumjua anayebana matumizi. Pistachio yenyewe ikisagwa hutoa krimu ya kijani kilichofifia, karibu na rangi ya jani kavu, na ladha yake ni ya njugu, tena tulivu. Ukiuma kijani kinachowaka na pua ikajaa harufu kali ya arki ya lozi chungu, hapo pistachio ni jina tu.

Vanila haina pa kujificha. Vidoti vyeusi ndani ya krimu ni dalili nzuri ila si ushahidi, maana mbegu zilizokwisha kukamuliwa ladha nazo huonekana vilevile. Amua kwa ulimi: sukari ikifika kwanza na isifuatwe na kitu, acha. Na tunda, rasiberi kwa mfano, lazima liwe na uchachu. Makaruni yamejaa sukari kwa lazima, kwa sababu sukari ndiyo inayoushikilia ute wa yai uliopigwa, na mwokaji hawezi kuipunguza sana bila kuharibu umbo. Anachoweza ni kuisawazisha kwa uchachu, uchungu wa chokoleti nyeusi au chumvi ya karameli. Asipofanya hivyo, kipande cha pili kinakukinai.

Kabla ya kuonja, omba kisu ukate kimoja katikati. Nimeshaangaliwa vibaya kwa ombi hili na nimezoea. Unataka kuona ndani pamejaa kutoka ngozi ya juu hadi kwenye krimu, kama mkate mlaini. Uwazi mdogo sana chini ya ngozi ni wa kawaida. Pango ambalo ngozi inalibomokea ukiligusa ni kasoro ya jikoni, ingawa kukaa siku moja na krimu wakati mwingine hulifunika.

Halafu uma. Meno yakutane na ngozi nyembamba inayokubali haraka, kisha ulaini, kisha krimu. Yakinata kwenye kaakaa kama gundi, hayakuiva au yameshiba maji. Yakikatika kwa sauti, hayajapumzika. Rudi nayo nyumbani uyape usiku mmoja kabla ya kumhukumu mwokaji.

Kama unatafuta ya nazi

Geuza karibu kila nilichosema. Makaruni ya nazi hayana sababu ya kungoja. Raha yake ni tofauti kati ya nje iliyokaangika na ndani yenye majimaji ya nazi, na tofauti hiyo hupotea ndani ya siku moja au mbili, kwa sababu unyevu husambaa kote. Hapa swali lako la zamani linarudi na haki yake yote: yameokwa leo?

Shika kimoja. Kiwe kizito kwa umbo lake. Ncha za nazi ziwe za dhahabu kuelekea kahawia, kitako kikavu kisichoacha duara la mafuta kwenye karatasi. Harufu iwe ya nazi iliyokaangwa. Ikinukia kama sabuni au mafuta ya nywele, nazi ilikuwa imeharibika au wametia arki. Wengine huyashika kwa maziwa mazito ya kopo badala ya ute wa yai peke yake. Hayo huwa matamu zaidi, mazito zaidi, na hukaa laini muda mrefu. Sina ugomvi nayo, ila jua ndiyo unayokula.

Waokaji wa Kiyahudi huyaoka kwa wingi wakati wa Pasaka yao, kwa kuwa hayana unga wala hamira. Kama mjini kwako kuna duka kama hilo, majira hayo ndiyo yenye trei zinazotoka motomoto mfululizo.

Hatua ya 6: Yafikishe nyumbani salama

Boksi gumu lenye vyumba, lishikwe bapa. Mfuko wa karatasi utakupa makombo ya bei mbaya. Kukiwa na joto, yaweke kwenye mfuko unaotunza baridi, lakini barafu isiguse boksi.

Nyumbani, yaende friji ndani ya chombo kinachofunga vizuri. Ukitaka kula, toa chombo kizima na ukiache kimefungwa dakika 20 hadi 30. Ukikifunua mara moja, hewa ya chumba hugeuka umande juu ya ngozi baridi na kuifanya inate. Baridi pia hugandisha siagi na kuficha ladha, kwa hiyo anayekula moja kwa moja kutoka friji hajaonja alichonunua. Ya nazi hayahitaji friji siku ya kwanza. Chombo cha mezani chatosha, na yakilegea yarudishe kwenye oveni ya moto wa wastani dakika chache, yapoe kabla ya kuliwa.

Ukinunua mengi kuliko uwezo wako, gandisha siku hiyo hiyo usisubiri yachoke. Yapange bila kugusana, yafunge, yatakaa mwezi mmoja bila tatizo, isipokuwa ya limau na ya krimu nyepesi. Siku ya kuyatumia, yahamishie friji usiku, chombo kikiwa kimefungwa, na asubuhi uyatoe mezani nusu saa kabla ya chai.